Wale Watu Wanafanya Kazi Gani?

Mwezi uliopita ndugu mmoja, mfanyakazi wa bandari, aliingia ofisini mwetu akiwa na hasira nyingi. "Mhariri," akasema kabla ya kuketi, "liandikeni jambo hili. Vibanda umiza vinatuharibia watoto." Nikampa kiti, nikamwomba anieleze yaliyompata.

Yaliyompata ni haya. Ana mwana wa kiume wa miaka 13. Usiku mmoja alirudi kutoka zamu akamkuta kijana yu macho mbele ya televisheni, anatazama sinema ya watu kuuana, na kesho yake ana mtihani. Baba hakusema neno. Alichukua rimoti na kadi ya king'amuzi, akavifungia kabatini, na ufunguo akautia mfukoni. Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa kimya, naye akajisifu moyoni kwamba amefanya kazi ya mzazi. Wiki ya tatu, akirudi usiku, alipita karibu na kibanda cha mabati kinachoonyesha sinema kwa kiingilio. Mlango ulikuwa wazi. Akamwona mwanawe ameketi kwenye benchi kati ya watu wazima, anatazama sinema mbaya kuliko ile aliyomkataza. Kiingilio kililipwa kwa fedha ya madaftari.

Nilimwambia kwamba tutaandika. Lakini nilimwambia pia kwamba tutaanza na nyumba yake na yangu, na kibanda kitafuata baadaye. Maana kufuli humwambia kijana kwamba kuna kitu kitamu kabatini. Haimwambii kipi ni kizuri, wala kwa nini.

Kungwi asiye na ukoo

Umri wa miaka 13 ni umri mgumu. Kijana si mtoto wa kuridhishwa na katuni, wala si mtu mzima wa kuachiwa kila kitu. Sauti inabadilika, mwili unabadilika, naye anatafuta kwa macho mfano wa mtu atakayekuwa. Wazee wetu waliujua sana umri huu. Makabila yetu mengi yaliuwekea jando na unyago, na mambo yaliyosemwa huko hayakuwa mepesi; mengine yalikuwa makali kuliko sinema nyingi za leo. Walakini mwari hakuachwa peke yake na maneno hayo. Alikuwa na kungwi au somo wake, mtu ambaye ukoo wake ulijulikana, aliyemwimbia wimbo kisha akamfumbulia maana yake. Na kama mwari hakuelewa, kesho yake alijua mlango wa kugonga.

Televisheni nayo ni kungwi, ila ni kungwi asiye na ukoo. Huimba mchana na usiku, hafumbui fumbo lolote, na kesho huwezi kumwendea kumwuliza alikuwa na maana gani. Mzazi anayemwacha mwanawe peke yake na kungwi wa namna hii asishangae akikuta kijana amefundwa na wageni. Kwa hiyo kumchagulia kijana vipindi ni kazi yenye sehemu mbili: kujua cha kumwonyesha, na kuketi naye anapokitazama. Wengi wetu tunaijua sehemu ya kwanza tu, tena kwa kukataza.

Zamani tulichaguliwa

Yafaa tukumbuke kwamba wajibu huu ni mpya kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wenyeji wa Tanganyika walipotazama sinema za Kiswahili, zilikuwa zimechaguliwa na serikali ya kikoloni. Mojawapo iliitwa *Muhogo Mchungu*, na kijana aliyeigiza ndani yake alikuwa Rashidi Kawawa; ndiye aliyekuja kuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika mwaka 1955, na Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya Uhuru, Tanzania Bara ilikaa miaka mingi bila televisheni, kwa kuwa Serikali iliiona kuwa ni anasa ya wachache; Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara tuliketi kuizunguka redio, tukasikia sote jambo moja kwa wakati mmoja.

Mwaka 1994 kituo cha ITV kikaanza kurusha picha, na vingine vikafuata. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilianza kuzimwa kwa kuanzia na Dar es Salaam, na ving'amuzi vikaingia majumbani mwetu na makumi ya chaneli. Siku hizi vipindi vilevile vimo hata katika simu iliyo mfukoni mwa kijana. Basi kazi ya kuchagua, ambayo zamani ilifanywa na maofisa, imehamia sebuleni, mikononi mwa baba na mama waliotoka kazini wakiwa wamechoka. Hakuna aliyetufundisha kazi hiyo. Yatupasa tujifunze wenyewe.

Swali la kijana

Yule ndugu wa bandarini sikumpa orodha ya amri. Nilimwomba jambo moja: katika jioni zake za mapumziko airudishe kadi mahali pake, aketi na mwanawe, atazame kile anachokipenda kijana tangu mwanzo hata mwisho bila kukemea, kisha azungumze naye.

Alirudi baada ya wiki mbili. Jioni ya kwanza, alikiri, alisinzia kitini. Jioni ya pili walitazama tamthilia moja ya nyumba kubwa yenye ngazi za kioo, magari matatu uani, na wanawake waliovaa dhahabu wakilia kwa ajili ya mapenzi. Baba alikuwa bado anatafuta neno la kusema, kijana akamtangulia. "Baba," akauliza, "wale watu wanafanya kazi gani?"

Baba hakujua. Tamthilia ilikuwa karibu kwisha, na hapana hata mtu mmoja aliyeonekana akienda kazini. Kijana akaendelea: "Wewe unatoka alfajiri kila siku. Mbona sisi hatuna hata pikipiki?"

Ndugu zangu, swali hilo lingeweza kumjibiwa kijana kwa kofi, na katika nyumba nyingi ndivyo lingalivyojibiwa. Yule ndugu aliniambia kwamba kwanza lilimchoma. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akaleta hati yake ya mshahara, wakaisoma pamoja mstari kwa mstari: makato haya, kodi ya nyumba ile, ada na nauli za shule, fedha anayopelekewa bibi kijijini. Kijana hakuwa amepata kuiona karatasi ile maishani mwake. Tamthilia iliendelea mpaka ikaisha, na hakuna kati yao aliyejua ilivyokwisha.

Nimelifikiri sana swali la kijana huyo, na naona kwamba ametupa sisi wazazi kipimo bora kuliko vyote nilivyopata kuvisoma. Watu hawa wanafanya kazi gani? Mkate wanaokula umetoka wapi? Mchezo unaoonyesha utajiri bila jasho humfundisha mtoto wa mfanyakazi kumdharau babake kimyakimya. Hatusemi mchezo huo upigwe marufuku; ila usitazamwe na kijana peke yake, pasipo mtu wa kuliuliza swali lile.

Vipimo vingine

Kwa kipimo hicho hicho, tazameni kipindi cha *Shamba Shape Up*, kilichoanza nchini Kenya mwaka 2012, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wataalamu huenda katika shamba la mkulima mdogo, wakatengeneza banda la kuku, wakapima udongo, wakashauri juu ya ng'ombe. Kijana wa mjini anayedhani kwamba unga huzaliwa dukani atamwona mkulima mwenye jina na uso, na ataona kwamba shamba lina elimu yake. Hapo hahitaji mahubiri.

Kipimo cha pili ni malipo ya matendo. Katika sinema nyingi za mapigano shujaa huua watu thelathini kwa saa moja, na hapana hata matanga ya mtu mmoja yaliyokaliwa. Hakuna mama anayelia, hakuna kaburi linalochimbwa. Sisi ambao tukifiwa na jirani huacha kazi zetu tukaenda kuzika, tutakubalije mtoto azoee kifo kisicho na msiba? Sinema yenye vita yaweza kuwa njema, ikiwa aliyekufa humo ana watu wa kumlilia. Mwulize kijana: "Yule aliyeanguka, kwao ni wapi?" Swali hilo dogo litampunguzia sinema mbaya utamu wake kuliko fimbo.

Kipimo cha tatu ni lugha na ubinadamu. Wako wanaosema kwamba kila kitokacho nje ni sumu. Hawasemi kweli. Mwaka 2011 TBC ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina juu ya mke kijana aitwaye Doudou na mama wakwe zake, na Watanzania wakaipenda. Hata Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013 aliitaja. Kwa nini ilipendwa? Kwa sababu ugomvi wa mke na mama mkwe waujua hata aliyezaliwa Singida. Kijana aliyesikia watu wa Beijing wakigombana kwa Kiswahili alijifunza kwamba Wachina nao ni binadamu wenye shida za nyumbani. Kipindi cha kigeni kinachomfanya mtoto aone udugu wa watu ni chema; kinachomfanya aone aibu kwa nyumba yao na ngozi yake ni kibaya, hata kama kimetengenezwa hapa hapa.

Kipimo cha nne ni kile kinachobaki baada ya kuzima. Mwaka 2014 vijana wa Dar es Salaam walianza kuonyesha katuni za *Ubongo Kids*, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na hadithi za Kiswahili. Kijana wa miaka 13 huenda akasema kwamba hizo ni za wadogo zake. Vema, mwambie akae na mdogo wake amweleze hesabu ile. Mtoto anayemfundisha mwingine hujifunza mara mbili. Kadhalika mpira: mchezo wa Simba na Yanga una sheria, una mwamuzi, na humfundisha kijana kushindwa bila kutukana, mradi babake naye aweze kushindwa bila kutukana. Na taarifa ya habari ya saa mbili usiku isiwe ya baba peke yake. Mpe kijana nafasi ya kuuliza kodi ni nini, na bei ya mafuta hupandaje.

Wengine hutegemea alama. Nchini Kenya, mathalan, bodi ya filamu huzipanga sinema kwa madaraja manne: ya watu wote, ya uangalizi wa mzazi, ya waliotimiza miaka 16, na ya waliotimiza miaka 18. Ni kazi njema, na mzazi asiidharau. Lakini alama humwambia mzazi ubaya usiokuwamo. Sinema yaweza kuwa haina damu wala matusi, na bado ikawa haina akili.

Sisi wa Chama

Najua jibu la wafanyakazi: "Mhariri, wewe huketi kitini, sisi tunatoka alfajiri tunarudi usiku. Nani atakaa mbele ya televisheni na mtoto?" Ni neno la kweli, wala silibishi. Hatuombi kila siku. Tunaomba jioni moja kwa wiki, na siku nyingine mama, shangazi au kaka mkubwa ashike zamu. Na kijana aagizwe vipindi kwa majina yake badala ya saa: "Tazama hiki na hiki, kisha zima." Anayepewa saa mbili za kutazama atatazama chochote mpaka saa mbili ziishe.

Sisi wa Chama nasi tusijitoe lawamani. Mara nyingi tunataka kamera zije kwenye mikutano yetu, na ni nadra kuuliza kijana wa Darasa la Saba ameonyeshwa nini siku hiyo. Yako matawi yenye televisheni ambayo huwashwa siku za mpira tu. Je, Jumamosi mchana haiwezekani chipukizi wa mtaa wakakusanywa hapo, wakaonyeshwa kipindi kimoja kizuri, na mwalimu au fundi mmoja wa mtaani akaketi nao kuwajibu maswali? Gharama yake ni umeme wa saa moja. Tawi litakalofanya hivyo litakuwa limempatia mtoto wa mwenye kibanda, na wa asiye na televisheni kabisa, mahali pema pa kwenda.

Na kibanda umiza chenyewe? Anayemwingiza mtoto kutazama sinema za watu wazima usiku hastahili kuvumiliwa, na viongozi wa mitaa wamwambie hivyo waziwazi. Lakini kikifungwa kimoja leo, simu itafungua kumi kesho. Ngao ya kudumu ya kijana ni jicho lake mwenyewe.

Yule ndugu wa bandarini na mwanawe sasa wanachagua kwa zamu: wiki hii kijana, wiki ijayo baba. Kijana bado anapenda sinema za mapigano, na baba bado anasinzia. Ila kila aliyechagua hana budi kumweleza mwenzake kwa nini amechagua. Miaka mitano baadaye kijana huyo atakuwa mtu mzima, na hapana atakayemshikia rimoti. Huu ndio wakati wa kumzoeza, naye angali anakubali kuketi kando yako. Ndugu msomaji, leo jioni ketini pamoja, na mtu wa kwanza mwenye dhahabu na nyumba ya ghorofa atakapotokea, mwulize mwanao swali lile: yule anafanya kazi gani? Kisha sikiliza jibu lake, na uwe tayari kwa swali atakalokuuliza wewe.