Mashine inakagua, wa kujibu ni wewe

Bandugu, ukiandikia kampani ya migodi programu hapa Kolwezi, kuna huduma za intaneti zinazokagua leseni za vipande ulivyotumia. Mbele ya kubonyeza "nakubali", soma masharti.

Kwanza, msimbo iko wa nani? Kama kontra inasema ni wa kampani, omba ruhusa kabla ya kuutuma.

Pili, unahifadhiwa wapi, kwa muda gani? Kama ndani mna majina ya wafanyakazi, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inakuhusu.

Tatu, mara nyingi ripoti haina dhamana. GPL inadai anayepewa programu aweze kupata msimbo wake pia. Mashine ikipitwa na kipande hicho, ataulizwa aliyeitoa programu, si mashine.