Mkopo wa sola ya maji moto: mambo ya kuuliza kabla ya kuweka saini

Mtu wa Chanika, Handeni, akisikia "mkopo wa sola" anaweza kufikiria taa na maji ya moto kwa pamoja. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukivichanganya, unaweza kulipa deni miaka miwili na bado ukaendelea kununua mkaa wa kuchemshia maji.

Je, halmashauri inakopesha?

Kwa sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini lengo lake ni shughuli za kuingiza kipato, na kwa kawaida hupewa vikundi. Haikulenga maji ya kuoga nyumbani. Kikundi chenye saluni au mgahawa kinaweza kuuweka mtambo wa maji moto kwenye andiko lake la biashara. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Nchi nyingine zimewakopesha wenye nyumba moja kwa moja. Tunisia ilianza mpango wa Prosol mwaka 2005: serikali inachangia sehemu ya bei, benki inakopesha, na mteja analipa kupitia bili ya umeme kwa miaka mitano.

Sola ya taa haichemshi maji

Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji karibu uniti moja ya umeme. Paneli ya wati 50, kwa saa tano za jua kali, hutoa robo ya uniti. Yaani siku nne kwa ndoo moja!

Mtambo wa maji moto hauzalishi umeme. Maji hupita kwenye mabomba meusi chini ya kioo, yakipashwa na jua lenyewe, kisha huhifadhiwa kwenye tangi lisilopoteza joto. Wenye ukubwa wa mita mbili za mraba unaweza kupasha lita 100 kwa siku ya jua zuri.

Piga hesabu ya deni

Tuseme unaambiwa kianzio ni shilingi 30,000, kisha 1,000 kila siku kwa miaka miwili. Siku 730 ni shilingi 730,000. Ongeza kianzio: 760,000. Sasa uliza bei ya taslimu ya kifaa hichohicho. Tofauti ndiyo gharama ya mkopo.

Uliza pia: nikikosa kulipa wiki moja, kifaa kitazimwa? Kikiharibika, nani anatengeneza, na yuko wapi? Majibu yawe kwenye mkataba, na usomewe kwa Kiswahili kabla hujaweka saini.