Kujifunza Bila Darasa

John Holt, mwalimu wa Marekani aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1964 jinsi hofu ya kukosea inavyowafanya wanafunzi wabahatishe majibu badala ya kufikiri, alianzisha mwaka 1977 jarida la wazazi waliochagua elimu isiyo na mtaala, yaani malezi ambamo mtoto hujifunza kwa kufuata udadisi wake katika shughuli za kila siku. Mtoto anayepima unga wa keki hukutana na nusu na robo pale anapozihitaji, naye mzazi, ambaye kazi yake si nyepesi hata kidogo, hujibu maswali, hutafuta vitabu na, maziwa yanapomwagika, humpa mtoto kitambaa afute bila kumfokea wala kumchapa, kwa kuwa mtoto aliyezoeshwa woga huacha kuuliza.