Tabaka Lililozikwa: Mafunzo ya Kujikinga na Maporomoko ya Theluji

Mnamo Novemba 2002 mvua ilinyesha juu ya theluji changa katika milima ya Columbia, magharibi mwa Kanada. Maji yake yaliganda yakawa gamba la barafu, theluji nyingine ikalifunika, na baada ya majuma machache hapakuwa na jicho lililoweza kuliona. Tarehe 20 Januari 2003 poromoko la theluji liliwaua watu 7 waliokuwa wakipanda mlima kwa mbao za kutelezea, si mbali na mji wa Revelstoke. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 1 Februari, msafara wa watu 17, kati yao wanafunzi 14 wa shule ya sekondari, ulikuwa ukipita katika bonde la Connaught karibu na Rogers Pass. Poromoko jingine lilianza juu kabisa kwenye upande wa kaskazini wa mlima Cheops, likashuka hadi bondeni na kuukumba msafara wote. Wanafunzi 7 walifariki. Matukio yote mawili yalihusishwa na tabaka dhaifu lililokuwa limezikwa tangu Novemba.

Wanafunzi hao hawakwenda mikono mitupu. Walikuwa na vyombo vya redio vya kutafutia waliofukiwa, fimbo za kuchokonolea theluji, na makoleo. Ndiyo maana msiba huo ulibadili mawazo ya wengi nchini Kanada kuhusu nini hasa kifundishwe kwa mtu anayetaka kuteleza mbali na viwanja vinavyolindwa, awe anatumia mbao mbili au ubao mmoja mpana.

Msomaji aliyezoea kuiona theluji ya Kibo kwa mbali huenda akadhani kuwa theluji ni kitu kimoja tangu juu hadi chini. Sivyo. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na kila tabaka huendelea kubadilika baada ya kufunikwa. Ardhini, chini ya theluji nene, halijoto hukaribia nyuzi 0 za Sentigredi, hali juu inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa na kina cha meta 2 au 3, tofauti hiyo hugawanyika taratibu. Chembe huwa za mviringo, hugusana na kushikamana, na theluji hupata nguvu. Lakini ikiwa kina ni nusu meta tu, tofauti ileile hubanwa katika nafasi ndogo. Kwa kawaida, halijoto inapobadilika kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi katika kila meta moja ya kina, mvuke hupanda kwa kasi kutoka chembe hadi chembe, nazo hugeuka fuwele zenye pembe kali zisizoshikana. Mtu akizichota kwa kiganja humwagika kama sukari kavu. Gamba la barafu huongeza ubaya huo, kwa sababu mara nyingi fuwele hizo hukua palepale linapokutana na theluji laini.

Sasa dhoruba mpya ikiweka juu ya sukari hiyo bamba zito la theluji iliyoshikamana, mtego umekamilika. Bamba huweza kutulia kwa siku nyingi. Uzito wa mtu mmoja ukipenya hadi kwenye tabaka dhaifu, ufa mdogo huzaliwa humo, nao husambaa kwa kasi ya makumi ya meta kwa sekunde. Wakati mwingine sauti nzito ya kubomoka husikika kabla ya lolote kuonekana. Katika ajali nyingi za watelezaji, poromoko huwa limeanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Bonde la Connaught lilikuwa tofauti: huko theluji iliporomoka yenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi wa hatua ya juu huanza kwa kipimapembe. Mabamba mengi huporomoka kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Mteremko wa chini ya hapo kwa kawaida hauwezi kuliachia bamba. Ule mkali zaidi humwaga theluji yake kidogo kidogo. Kipimo hiki ni rahisi, na pengine ndicho chenye faida kuliko vyote, lakini kina udanganyifu wake. Njia ya bondeni inaweza kuwa karibu tambarare na bado ikawa mahali pa kifo, kwa kuwa poromoko halisimami pale mwinamo unapoishia. Swali si jinsi ardhi ilivyoinama chini ya miguu tu, bali ni nini kinachoning'inia juu ya kichwa. Baada ya msiba wa 2003, idara ya mbuga za taifa ya Kanada iliandaa mfumo wa kuzipanga njia kwa kufuata ardhi yenyewe, bila kujali hali ya theluji ya siku ile. Hapo mwanzo madaraja yalikuwa matatu. Kanuni ziliwekwa pia kwa misafara ya vijana wa shule: daraja la pili haliingiwi bila kiongozi mwenye cheti, na la tatu ni marufuku kwao.

Mafunzo ya hatua ya kwanza yanayosimamiwa na Avalanche Canada, shirika lenye makao yake Revelstoke, huchukua siku 2 hivi. Ya hatua ya pili huchukua 4. Hapo ndipo mwanafunzi hufundishwa kuchimba shimo na kuisoma theluji tabaka kwa tabaka. Katika jaribio moja linalotumika sana, nguzo ya theluji yenye upana wa sentimeta 90 na unene wa sentimeta 30 hutengwa kwa msumeno. Koleo huwekwa juu ya ncha moja na kugongwa mara 10 kwa nguvu ya kiganja, 10 kwa nguvu ya kiwiko, na 10 kwa nguvu ya bega. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo moja, dalili ni mbaya. Hata hivyo theluji hutofautiana hatua chache tu kutoka shimoni. Matokeo mabaya ni sababu tosha ya kugeuka. Matokeo mazuri si ruhusa ya kuendelea. Wanafunzi wengi hulipenda shimo kupita kiasi, kwa kuwa linafanana na maabara.

Uokoaji hufundishwa kwa saa nyingi, kwani muda ni mfupi mno. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 waliofukiwa kabisa huwa hai wakitolewa ndani ya dakika 10. Zikifika 30, wanaobaki hai ni kama 3 tu kati ya 10. Wengi hufa kwa kukosa hewa. Hakuna kikosi kitokacho mjini kiwezacho kuwahi. Kila mtu huvaa chombo kinachotoa mawimbi ya kilohezi 457. Waliosalimika hugeuza vyao vipokee, huyafuata mawimbi hayo katika njia iliyopinda, kisha huchokonoa kwa fimbo kila baada ya sentimeta 25 hadi waguse mwili. Kuchimba ndiko kunakokula muda, maana theluji iliyosimama hukaza karibu kama saruji.

Liko tatizo lisilopimika kwa fimbo. Mtafiti Ian McCammon alichambua ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003, akaonyesha jinsi watu wanavyonaswa na mazoea ya mahali, tamaa ya theluji ambayo bado haijaguswa, aibu ya kugeuka nyuma, na imani kwa yule aonekanaye fundi. Mahali palipozoeleka, waliosomea hawakuwa waangalifu kuliko wasiosoma. Kwa sababu hiyo, makundi mengi yamejiwekea kanuni kwamba neno la mtu mmoja anayetaka kurudi linatosha, hata akiwa ndiye mdogo kuliko wote.

Jioni, baada ya kurejea, wanafunzi huketi na ramani na kuupitia uamuzi mmoja baada ya mwingine, wakitafuta pale walipookolewa na bahati tu. Mteremko usioporomoka haumwambii mtu kama alikuwa sahihi. Kisha huandika walichokiona, yaani nyufa, sauti, maporomoko mapya na upepo, na kukipeleka kwa wale wanaoandaa taarifa ya hatari ya siku inayofuata.