Urejeleo wa Badiliko Lililotangulia katika Kumbukumbu za Programu

Katika Kiswahili, kiashiria hilo hudai jambo lililokwisha kutajwa. Jambo hilo likikosekana, kiashiria hubaki hakina maana. Tatizo hili la kisarufi limejitokeza pia katika uandishi wa programu za kompyuta.

Git, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko la programu pamoja na ujumbe unaoeleza sababu yake. Aghalabu badiliko jipya husahihisha au hutangua la zamani, na mwandishi hulazimika kulitaja. Je, yatosha kuandika "badiliko lililotangulia"?

Haitoshi. Kaplong, katika nchi ya chai ya Bomet, ni njia panda. Msafiri akiambiwa pale arudi alikotoka, mmoja ataelekea Kericho, mwingine Kisii, na wa tatu Bomet. Historia ya programu nayo ina matawi yanayoachana na kukutana. Kwa hiyo "lililotangulia" hutegemea tawi alilopitia msomaji.

Kila badiliko hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 40. Hata hivyo, kitambulisho peke yake hakimwelezi binadamu lolote. Tena badiliko likinakiliwa katika tawi jingine hupata kitambulisho kipya. Ndiyo sababu waandishi wa Git hutaja mambo matatu pamoja: kitambulisho kilichofupishwa, kichwa cha ujumbe, na tarehe. Cha kwanza huiongoza mashine. Cha pili humwezesha msomaji kulitafuta badiliko hata kitambulisho kikipotea. Cha tatu huonyesha umri wake.

Ichukuliwe programu ya kujumlisha kilo za majani ya chai. Ujumbe ufaao ungekuwa: "Badiliko hili latangua 3f2a91c (Ondoa uzito wa gunia, 14 Machi 2024), kwa kuwa mizani imekwisha kuuondoa." Ukiandikwa "latangua hilo" tu, mrekebishaji wa baadaye hatajua kwamba uzito ulikuwa ukiondolewa mara mbili. Huenda akalirudisha kosa lile lile, na mkulima akapunjwa tena.

Kwa hiyo, viashiria hufaa pale msomaji anapoliona jambo lenyewe karibu. Katika kumbukumbu isomwayo kipande kimoja kimoja, baada ya miaka, jambo lirejelewalo sharti litajwe kwa jina lake.