Uvimbe umeshuka, je, figo ziko salama?

MKULIMA akiumwa na nyoka, kinachoonekana kwanza ni mguu uliovimba. Uvimbe ukianza kushuka, ndugu hushukuru Mungu na mgonjwa huanza kufikiria palizi aliyoiacha. Hata hivyo, wapo ambao wakati huo ndipo figo zao zinaposhindwa kazi.

Wakulima wa mpunga wa Sri Lanka, India na Myanmar wanaifahamu hatari hii. Mashambani kwao yupo nyoka mnene aitwaye nyoka wa Russell, anayefuata panya. Nchini Myanmar, figo kushindwa kazi ni sababu kubwa ya vifo vya wanaoumwa naye.

Afrika Mashariki nyoka huyo hayupo, lakini tunaye wa jamii yake: kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma. Hulala kimya majanini, na humuuma anayemkanyaga. Mara nyingi sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, lakini kwa aliyeumwa vibaya figo nazo huweza kudhurika.

Figo huumiaje?

Figo ni chujio la damu. Sumu ya nyoka huliharibu kwa njia kadhaa. Kwanza, baadhi ya sumu hugandisha damu ndani ya mwili, na vibonge vidogo huziba mishipa myembamba ya figo. Uwezo wa damu kuganda ukiisha, mgonjwa huanza kutoka damu kwenye fizi na kwenye jeraha.

Pili, maji ya damu huvujia kwenye uvimbe, shinikizo la damu hushuka na figo hukosa damu ya kutosha. Tatu, misuli na chembe nyekundu za damu zikivunjika, mabaki yake huziba chujio.

Dalili ni mkojo kupungua au kukatika, mkojo mweusi kama chai ya rangi, uso kuvimba na kutapika. Zinaweza kujitokeza siku moja au zaidi baada ya kuumwa. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mwulize daktari kama mkojo na damu vimepimwa.

Saa ni mali

Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hufanya kazi dhidi ya sumu iliyoko mwilini. Haifufui figo iliyokwisha kuharibika. Kila saa inayopotea kwa mganga au kwenye jiwe la nyoka ni hasara.

Usichanje jeraha, usinyonye sumu wala usifunge kamba. Vua pete na viatu, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, kisha mpeleke mgonjwa hospitali. Kwa maumivu mpe parasetamo, si diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, kwani hizo huweza kuongeza kutoka damu au kuumiza figo.

Figo zikishindwa kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine. Wengi hupona baada ya wiki kadhaa, lakini wengine hubaki na ugonjwa wa figo wa kudumu. Hapo ndipo mbuzi huuzwa, shamba hukodishwa na msimu hupita bila mavuno.

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi ni wa vijijini.

Kinga haina gharama kubwa. Vaa buti za mpira shambani, tumia tochi usiku, fyeka majani kuzunguka nyumba, na usiingize mkono kwenye shimo au rundo la mabua. Dhibiti panya ghalani, kwani palipo na panya nyoka hafiki mbali.

Mkulima anayehesabu bei ya mbegu na mbolea aiweke na bei ya buti katika hesabu hiyo. Ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuishi kwa kutegemea mashine.