Barometa Katika Madiko Yetu

Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na baadaye ndiyo iliyoongoza kwa zao hilo. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile, 15 Aprili, 1952, kimbunga kingine kiliikumba Lindi. Na tarehe 4 Mei, 2024, Hidaya kilifika Mafia.

Tunayakumbusha haya kwa sababu wako wanaoshikilia kwamba sisi tu karibu mno na Ikweta hata tusifikiwe na vimbunga. Ni kweli kwamba huku mzunguko wa dunia hauna nguvu nyingi ya kuupinda upepo. Lakini la nadra si lisilotokea, na chombo cha kulitambua mapema kipo, tena si cha anasa.

Hewa ina uzito. Juu ya kila mita moja ya mraba ya paa pana hewa ya uzito wa kama tani 10. Paa haliporomoki kwa kuwa hewa iliyo chini yake nayo inasukuma juu. Chembe za hewa hazitulii. Hukimbia na kugonga kila kinachokutana nazo, na mgandamizo ni jumla ya kugonga huko. Kila ajazaye upepo tairi la baiskeli anazibana chembe nyingi mahali padogo. Akiliacha juani zinazidi kasi, na tairi linakaza. Torricelli wa Italia alionyesha katika miaka ya 1640 kwamba uzito wa hewa huinua zebaki kiasi cha sentimita 76 katika bomba. Leo twasema wastani wa usawa wa bahari ni hektopaskali 1013.

Hewa hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo. Kaskazi na Kusi, zilizowaleta na kuwarudisha wenye majahazi, ni mwendo huo huo, bara la Asia likipoa na kupata joto kwa zamu. Kimbunga nacho ni shimo la mgandamizo mdogo ambalo pepo zote hulikimbilia. Hata bahari huvimba chini yake, kama sentimita moja kwa kila hektopaskali inayopungua, kabla ya kuhesabu mawimbi.

Sasa lipo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika nchi za baridi barometa hupanda na kushuka ovyo. Katika nchi za joto kama zetu hufuata saa, mithili ya maji kujaa na kupwa: hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, kisha hurudia vivyo hivyo usiku, na tofauti ni hektopaskali mbili tatu tu. Ndiyo maana mabaharia hufundishwa kwamba huku kwetu, kipimo kikiwa chini ya kawaida ya saa ile kwa hektopaskali tatu, washtuke. Kikizidi tano, wasiondoke bandarini.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Hidaya mapema, na tunaipongeza. Lakini tangazo hupitia redio na simu, na mvuvi aliyepiga dago kisiwa cha mbali huenda hana hata kimoja. Barometa ya kutundika ukutani haihitaji umeme wala mnara.

Kwa hiyo basi tunawaomba wakuu wa wilaya za visiwani na maofisa wa uvuvi watenge fedha za barometa moja kwa kila diko kubwa, pamoja na daftari. Kamati ya diko iandike kipimo saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kila siku, zikiwamo siku za shwari, maana kawaida ya mahali haijulikani ila kwa kuandikwa. Kazi hiyo ianze kabla ya Novemba, msimu wa vimbunga unapofunguka.